Horry ana pete saba, Jordan sita: mtoano tunausoma vibaya

#1 – Mleta uzi

Habari za wakati huu wakuu.

Kila fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikikaribia, ubishi wa nani bora wa muda wote unarudi, na kila mwaka unamalizwa kwa swali moja: "Ana pete ngapi?" Pete ni ile ya ubingwa wanayopewa wachezaji wa timu bingwa. Idadi ikishatajwa, mjadala umefungwa. Jordan sita, Kobe tano, LeBron nne, tumemaliza.

Naomba tuufungue tena, maana hapo tunachanganya mambo mawili. Mtoano, yaani mechi za kutoana baada ya msimu wa kawaida, ndio mahali sahihi pa kumpimia mchezaji, na hilo nitalitetea. Pete ni habari nyingine. Pete ni mali ya timu nzima, na ndani yake mna majeraha ya wapinzani, maamuzi ya mwenye timu, bahati ya kuzaliwa mwaka fulani, na mara nyingine mpira mmoja uliogonga chuma ukamwangukia mtu sahihi.

Robert Horry ana saba: mbili na Houston, tatu na Lakers, mbili na San Antonio. Amemzidi Jordan kwa moja. Sijawahi kuona mtu akimweka Horry juu ya Jordan, hata wale wanaohesabu pete kwa vidole. Kwa hiyo wote tunajua tayari kwamba hesabu peke yake haitoshi. Tunaikumbuka tu inapotusaidia kushinda ubishi.

Nianze na kwa nini naupenda mtoano. Msimu wa kawaida una mechi 82. Timu inatua usiku wa manane, inacheza kesho yake, inaondoka. Kocha hana muda wa kukuchimba. Kwenye mtoano mnakutana na watu wale wale mpaka mara saba ndani ya wiki mbili, na huo ndio mfululizo. Wanakaa na video zako, wanajua unapenda kwenda mkono gani, wanajua ukibanwa upande upi pasi yako inakuwa ya hovyo. Udhaifu uliofanikiwa kuuficha tangu Oktoba unaanikwa mbele ya dunia.

Mfano mzuri ni Dirk Nowitzki mwaka 2007. Dallas walishinda mechi 67 na yeye ndiye MVP, mchezaji bora wa ligi. Raundi ya kwanza wakapangiwa Golden State walioingia wakiwa wa nane upande wao. Kocha wa Golden State alikuwa Don Nelson, ambaye ndiye aliyemlea Dirk pale Dallas na anamjua nje ndani. Akamwekea watu wafupi kuliko yeye, wepesi, akina Stephen Jackson, wa kumwingia miguuni kabla hajainua mpira. Mechi ya sita Dirk alitupa mitupo 13, ikaingia 2. Dallas nje, na tuzo ya MVP akakabidhiwa wakati timu yake imeshatolewa.

Sasa mtazame huyo huyo mwaka 2011. Ukimwekea mfupi anamgeuzia mgongo, anarudi nyuma kwa mguu mmoja, anamtupia juu ya kichwa. Dallas wakawatoa Lakers mabingwa watetezi 4-0, na fainali wakawapiga Miami ya LeBron, Wade na Bosh 4-2. Mtihani ule ule aliofeli, akaurudia akafaulu. Asiyeangalia mtoano hawezi kuiona safari ile. Lakini na anayehesabu pete tu haioni: kwake Dirk ana "moja", sawa na mtu wa mwisho kwenye benchi la timu ile ile.

Halafu kuna Juni 18, 2013. Naomba tukae hapa kidogo kwa sababu kila kitu ninachotaka kusema kimo humu.

Mechi ya sita, Miami. San Antonio Spurs wanaongoza 3-2, wakishinda leo wamemaliza. Zimebaki sekunde 28, Spurs wako mbele kwa pointi tano. Wahudumu wa ukumbi wameshaanza kutoa kamba za njano kuzungushia uwanja kwa ajili ya sherehe ya wageni, na mashabiki wa Miami wengine wanaelekea milangoni. LeBron anatupa ya pointi tatu, anakosa, mpira unarudi kwa Miami, anatupa tena, inaingia. Kawhi Leonard, kijana wa msimu wa pili, anapewa mitupo huru miwili. Wa kwanza anakosa, wa pili anapata. 95-92. LeBron anatupa tatu nyingine ya kusawazisha. Anakosa.

Hapo ndipo historia ilipokuwa inaning'inia. Kocha Popovich alikuwa amemtoa Tim Duncan ili aweke watu wepesi wa kukimbizana na watupaji. Duncan yuko benchi, na Chris Bosh wa Miami anadaka ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia. Anampa Ray Allen, ambaye anarudi kinyumenyume mpaka kona ya kulia bila kuangalia miguu yake, anapanda, anatupa. Sekunde 5.2. Inaingia. Miami wakashinda muda wa nyongeza 103-100, na mechi ya saba LeBron akafunga 37, wakabeba.

Ile ya Allen ingegonga chuma, LeBron leo ana pete tatu na fainali saba za kupoteza. Duncan ana sita, sawa na Jordan, na vijana wa leo wangekuwa wanamtaja kwenye sentensi moja na Jordan bila kusitasita. Lakini niambieni: ni kitu gani kingebadilika kwenye mikono ya LeBron? Kwenye akili ya Duncan? Hakuna. LeBron alishatupa ya kwake na alishakosa. Mtu mwingine alidaka, mtu mwingine akatupa.

Karibuni kwa hoja.

#2

Mkuu umeandika vizuri, ila nadhani unamtafutia LeBron njia ya kutokea. Jordan fainali sita, ushindi sita, MVP wa fainali mara sita, na hakuna hata moja iliyofika mechi ya saba. Hakusubiri Ray Allen wake. Mwaka 1998 pale Utah, timu yake ya Bulls iko nyuma kwa moja, akaenda kumnyang'anya Karl Malone mpira, akashuka nao mwenyewe, akatupa mwenyewe mbele ya Bryon Russell. 87-86. Mkubwa haachii mtu mwingine jambo lake. Hiyo ndiyo tofauti na ndiyo maana watu wanahesabu.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa #2, ile ya 1998 naiheshimu kuliko mtupo wowote kwenye historia ya mchezo huu. Lakini hata pale, zilibaki sekunde 5.2, sawasawa na zile za Allen, na John Stockton akapata nafasi ya tatu safi mwishoni. Ilikosa. Ingeingia, Jordan anakwenda mechi ya saba ugenini huku Scottie Pippen mgongo umekufa.

Na Jordan naye alisubiri watu. Mwaka 1993 kule Phoenix, Bulls wako nyuma kwa mbili, mpira ulizunguka ukaishia kwa John Paxson, ndiye aliyetupa tatu ya ubingwa. Mwaka 1997 mechi ya sita, Jordan alibanwa na wawili akampasia Steve Kerr, Kerr akamaliza. Kwangu hiyo ni sifa ya Jordan, maana alijua kumwamini mwenzake. Ila usiniambie hakuachia mtu.

Kuna kitu kikubwa zaidi. Aprili 1986, Jordan ana miaka 23, ametoka kuvunjika mguu msimu ule ule, anakwenda Boston Garden kucheza na Celtics ya Larry Bird, timu iliyokuja kuwa bingwa. Akafunga pointi 63. Mpaka leo hakuna aliyefunga nyingi hivyo kwenye mechi moja ya mtoano. Bulls wakapoteza 135-131 baada ya nyongeza mbili, na mfululizo wakapoteza 3-0. Mwaka 1985, 1986 na 1987 alitolewa raundi ya kwanza. Kisha Detroit wakamtoa miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990.

Miaka ile magazeti ya Marekani yalikuwa yanaandika kwamba mfungaji bora hawezi kubeba ubingwa, kwamba Magic na Bird wanawafanya wenzao wawe bora na huyu anacheza peke yake. Kilichobadilika ni nini? Mwaka 1987 walikuja Pippen na Horace Grant. Mwaka 1989 Phil Jackson akawa kocha mkuu. Jordan naye alikua, sikatai. Lakini ule usiku wa Boston alikuwa tayari ndiye Jordan, na kwenye hesabu ya pete ule usiku ni sifuri.

#4

Nauliza kitu wakuu. Kama pete ndiyo mwisho, kwa nini Bill Russell mwenye 11 hatajwi wa kwanza? Naona watu wanahesabu kuanzia miaka ya 80 tu.

#5 – Mleta uzi

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha kwamba kila kizazi kinapiga hesabu kwa namna yake.

Russell alibeba 11 ndani ya misimu 13, kuanzia 1957 mpaka 1969, mbili za mwisho akiwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Wanaompunguza wanasema ligi ilikuwa ndogo. Ni kweli: mwaka 1957 zilikuwa timu nane, na anayemaliza wa kwanza upande wake alihitaji kushinda mifululizo miwili tu ili awe bingwa. Leo ni minne, kila mmoja wa mechi saba. Pia mchezaji hakuwa na uhuru wa kuhama. Timu ikishakushika umeshikwa, kwa hiyo kocha Red Auerbach akikusanya kikosi kizuri kinakaa pamoja miaka. Milango ya kuhama ilianza kufunguka mwaka 1976, baada ya kesi iliyobeba jina la Oscar Robertson.

Lakini zipime upande wa pili. Timu nane maana yake hakuna timu dhaifu za kupumzikia, na unamkuta Wilt Chamberlain mara nyingi kwa msimu mmoja. Na Russell mechi za saba alicheza kumi, akashinda zote kumi. Hiyo ndiyo namba yake ninayoiamini kuliko 11, kwa sababu mechi ya saba kila mtu ameshamjua mwenzake na hakuna siri iliyobaki.

Wilt ndiye aliyeumizwa zaidi na mahesabu haya. Mwaka 1962 alifunga 100 kwenye mechi moja na kumaliza msimu kwa wastani wa 50.4. Pete mbili, 1967 na 1972. Watu wakamwita mtu wa takwimu. Ila ile 1967 akiwa Philadelphia, aliwatoa Celtics ya Russell 4-1. Alikuwa Wilt yule yule, ila safari hii kocha Alex Hannum alimwomba apase zaidi na alikuwa na Hal Greer, Chet Walker na Billy Cunningham pembeni yake.

#6

Umemsahau Jerry West. Huyo ndiye mwenye kesi kubwa kuliko wote.

#7 – Mleta uzi

Sijamsahau mkuu, nilikuwa namwekea nafasi yake.

West alicheza fainali tisa, akapoteza nane. Sita kati ya hizo mbele ya Boston. Mwaka 1968 Lakers wakamleta Wilt ili wamalize kabisa habari ya Celtics, ambao walikuwa wamezeeka na walimaliza msimu wa nne upande wao. Ikafika mechi ya saba ya fainali, Mei 5, 1969, Los Angeles. Mwenye timu, Jack Kent Cooke, alikuwa ameweka maelfu ya maputo juu darini yaangushwe Lakers wakishinda. Wachezaji wa Boston waliyaona wakati wanapasha misuli.

West msuli wa paja umeumia. Akacheza hivyo hivyo: pointi 42, ribaundi 13, asisti (pasi za kufungisha) 12. Wilt aliumia goti robo ya nne akatoka, akaomba kurudi, kocha wake akamkatalia. Dakika za mwisho mpira ukapokonywa kutoka mkononi mwa Mboston mmoja, ukamfikia Don Nelson karibu na mstari wa mitupo huru. Nelson akatupa, ukagonga nyuma ya chuma, ukaruka juu sana, ukashuka ukaingia katikati. Boston 108, Lakers 106.

Ndiyo, ni Don Nelson yule yule aliyekuja kumfungia hesabu Dirk mwaka 2007.

Mwaka huo ndio tuzo ya MVP wa fainali ilianza kutolewa, na wapiga kura wakampa West, mchezaji wa timu iliyopoteza. Haijatokea tena mpaka leo. Watu wale walikaa ukumbini, wakaona, wakaandika walichokiona. LeBron mwaka 2015 alikuwa na wastani wa pointi karibu 36, ribaundi 13 na asisti karibu 9 dhidi ya Golden State, Kyrie Irving ameumia mechi ya kwanza na Kevin Love hayupo kabisa. Tuzo ikaenda kwa Andre Iguodala kwa sababu timu yake ilishinda. Sisemi Iguodala alicheza vibaya. Nasema mwaka 1969 walikuwa na ujasiri ambao tumeupoteza.

Na ili nisionekane namlinda LeBron: fainali ya 2011 haina utetezi. Wastani wa pointi 17.8, mechi ya nne alifunga 8 tu, na robo za nne alikuwa anasimama kona kama mtu aliyesindikiza wenzake. Alikuwa mzima, timu yake ilikuwa bora, alizidiwa. Kwenye hesabu ya watu, 2011 na 2015 zote ni "fainali aliyopoteza". Kwangu moja ni doa kubwa kuliko yote ya maisha yake na nyingine ni kati ya kazi zake bora kabisa.

#8

Ndugu zangu, mimi niko Lubumbashi, na naomba kuwaletea mtoto wa huku, Bismack Biyombo.

Mwaka 2016 alikuwa senta wa akiba pale Toronto, na kwa mashabiki wengi alikuwa jina la kawaida tu. Kwenye raundi ya pili dhidi ya Miami, Jonas Valanciunas akaumia kifundo cha mguu, Biyombo akaingia kikosi cha kwanza. Fainali ya Ukanda wa Mashariki wakakutana na Cleveland ya LeBron, ambao walikuwa hawajapoteza mechi hata moja kwenye mtoano ule. Mechi ya tatu, nyumbani Toronto, Biyombo alidaka ribaundi 26. Ishirini na sita! Toronto wakashinda 99-84, na mechi ya nne wakasawazisha 2-2 kabla Cleveland hawajamaliza kazi 4-2.

Julai mwaka ule ule Orlando walimpa mkataba wa miaka minne, dola milioni 72. Wiki chache za mtoano zilibadilisha maisha yake yote. Kwa hiyo mleta uzi, mtoano haubadilishi maoni ya mashabiki tu, hata wenye fedha wanauangalia.

Na kaka yetu mkubwa Dikembe Mutombo mnamweka wapi? Hana pete hata moja.

#9 – Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, asante sana kwa mchango huu, nilikuwa nausubiri.

Mutombo ni jibu tosha kwa watu wa pete. Mwaka 1994 Denver waliingia wa nane, wameshinda mechi 42. Seattle walikuwa wa kwanza wakiwa na 63, timu ya Gary Payton na Shawn Kemp. Raundi ya kwanza enzi hizo ilikuwa ya mechi tano. Seattle wakaongoza 2-0. Denver wakashinda tatu mfululizo, ya mwisho ugenini kwenye nyongeza, na ikawa mara ya kwanza namba nane kumtoa namba moja. Mutombo alizuia mitupo 31 katika mechi tano zile. Kila mtu anaikumbuka picha yake amelala chali sakafuni, ameshika mpira kwa mikono miwili juu ya uso wake, anacheka na kupiga kelele.

Alikwenda fainali ya 2001 na Philadelphia ya Allen Iverson, akakutana na Shaq wa Lakers aliyekuwa kwenye kilele chake. Akaenda ya 2003 na New Jersey, akakutana na Duncan. Hakubeba. Beki bora wa mwaka mara nne, jezi namba 55 imestaafishwa Denver na Atlanta, Ukumbi wa Heshima tangu 2015. Alipofariki Septemba 2024, hakuna aliyeanza salamu zake kwa kuuliza pete. Walitaja mikono ile, kile kidole alichokuwa akimtikisia aliyemzuia, na hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake.

Kuhusu Biyombo, ndiyo, ila hapo pia pana onyo. Orlando walinunua wiki zile na hawakuzipata tena. Mtoano ni kipimo kikali, lakini mfululizo mmoja ni kipimo cha siku moja tu. Dirk nampima kwa 2007 na 2011 pamoja, Jordan kwa 1986 mpaka 1998.

#10

Mimi ni mtu wa Kobe na nimesoma kimyakimya mpaka hapa. Naona mnakwepa jambo moja: kushinda kuna gharama yake. Mtu anayebeba tano hawezi kuwa na bahati mara tano. Mechi ya saba ya 2010 na Boston, Kobe mitupo ilikuwa haiingii, lakini alikwenda kugombania ribaundi mpaka akafikisha 15. Huo ni moyo wa bingwa. Takwimu zenu haziuoni.

#11 – Mleta uzi

Mkuu wa #10, umeileta mechi ambayo ningeileta mwenyewe.

Kobe usiku ule alitupa 24, zikaingia 6. Ribaundi 15 ni kweli, na nilimheshimu kwa zile. Ron Artest ndiye aliyetupa ile tatu kubwa ya mwisho, na Pau Gasol alidaka 18. Lakers 83, Boston 79. Kobe akawa MVP wa fainali, na leo mechi ile inaitwa ushahidi wa moyo wake.

Sasa rudi 1994, mechi ya saba, Houston na New York. John Starks alitupa 18, zikaingia 2. Za pointi tatu alitupa 11, hakuna iliyoingia. Knicks wakapoteza 90-84. Starks alikuwa ameibeba New York mechi za kabla yake, na ile ya sita nusura awape ubingwa: alitupa tatu ya mwisho, na Hakeem Olajuwon wa Houston akaifikia kwa ncha za vidole. Lakini mpaka leo ukitaja Starks, mtu wa kwanza kukujibu atasema "mbili kwa kumi na nane".

Simlinganishi Starks na Kobe kama wachezaji, ni mbingu na ardhi. Nauliza tu: kama Artest angekosa ile tatu, tungeuita usiku wa Kobe moyo wa bingwa? Tungeuita 6 kwa 24. Matokeo yakishatoka, tunarudi nyuma na kuipaka rangi mechi nzima. Hilo ndilo tatizo langu.

#12

Na kinyume chake ni Durant. Ana pete mbili, MVP wa fainali mara mbili, 2017 na 2018, na fainali zote mbili alicheza kama simba. Mbona watu wanamnyima? Kwa sababu alihamia Golden State, timu iliyoshinda mechi 73 na iliyomtoa yeye mwenyewe mwaka 2016 akiwa anaongoza 3-1. Sasa kama pete ni pete, za Durant zina kasoro gani?

#13

Nakazia ya #12. Na Curry wa Golden State mpaka 2022 alikuwa anaambiwa hana MVP wa fainali. Wakati huo alikuwa na pete tatu, ameshabadilisha mchezo mzima duniani, watoto wanatupa kutoka katikati ya uwanja kwa sababu yake, bado alikuwa anaambiwa hajakamilika. Akaenda Boston, mechi ya nne ya fainali, timu iko nyuma 2-1, akafunga 43. Kesho yake wote wakasema kumbe ni mkubwa. Na huyu ndiye aliyechukuliwa namba 7 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya mwaka 2009, mwaka ule ule Hasheem Thabeet wetu alipochukuliwa namba 2.

#14 – Mleta uzi

#12 na #13, mmenifanyia kazi yangu.

Durant anaonyesha kwamba hata wenye kuhesabu hawahesabu kwa haki. Wakiipenda njia uliyopita, pete ina uzito. Wasipoipenda, inapunguzwa. Maana yake tayari wanaangalia kilichotokea ndani ya mfululizo, nani alikuwepo, nani alikuwa mpinzani. Ninachoomba ni kwamba tufanye hivyo kwa kila mtu, siyo kwa Durant peke yake.

Giannis mwaka 2023, Milwaukee walipotolewa na Miami walioingia wa nane, aliulizwa kama msimu ule ni wa kufeli. Akamjibu mwandishi kwamba Jordan alicheza miaka 15 akashinda sita, je, ile tisa mingine ilikuwa kufeli? Wengi walimshambulia. Mimi namwelewa, na huyu si mtu wa kujificha: 2021 alimaliza fainali kwa pointi 50, na mitupo huru iliyokuwa inamsumbua mwaka mzima akaingiza 17 kati ya 19.

#15

Maneno mengi mkuu. Tupe tano bora zako kwa kipimo chako hicho, tukuone.

#16 – Mleta uzi

Haya, bila kuzunguka.

Jordan wa kwanza. Siyo kwa sita. Ni kwa sababu tangu 1986 mpaka 1998 sijaona mfululizo hata mmoja ambao timu pinzani ilipata jibu lake. Detroit walimpiga, walimwangusha, walimwekea watatu, na bado alikuwa anafunga. Walichopata ni jibu la Bulls.

LeBron wa pili, na ile 2011 ndiyo inayomweka hapo. Bila ile, na kwa 2016 ya kurudi kutoka nyuma 3-1 dhidi ya timu ya ushindi 73, huku akiongoza wachezaji wote wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi, asisti, kupokonya na kuzuia, ningekuwa na kazi ngumu sana.

Russell wa tatu, kwa zile kumi kwa kumi. Kareem wa nne: MVP wa fainali 1971 akiwa Milwaukee, na tena 1985 akiwa Lakers ana miaka 38, dhidi ya Boston. Miaka 14 katikati.

Wa tano ni Hakeem, na najua wenye Magic, Duncan na Kobe mnakuja. Pete mbili tu, na wengi wanasema alizipata Jordan akiwa hayupo. Nendeni mkaiangalie 1995. Houston waliingia wa sita Magharibi, na hakuna timu ya chini zaidi iliyowahi kuwa bingwa. Wakawatoa Utah wenye ushindi 60, kisha Phoenix wenye 59 baada ya kuwa nyuma 3-1, kisha San Antonio wenye 62. Kabla ya mechi ya pili ya mfululizo ule, David Robinson alikabidhiwa kombe la MVP mbele ya watu wake, Hakeem akiwa anatazama. Usiku ule Hakeem alifunga 41. Wastani wake dhidi ya MVP wa ligi ulikuwa zaidi ya 35. Fainali akamkuta Shaq kijana akiwa Orlando, akawafunga Orlando 4-0, na katika kila moja ya mechi zile nne Hakeem alimaliza na pointi nyingi kuliko Shaq: 31 kwa 26, 34 kwa 33, 31 kwa 28, 35 kwa 25.

Mwenye senta aliyewahi kufanya hivyo mbele ya wapinzani wa namna hiyo amlete hapa, aje na mfululizo wake.